Tuta Lenye Kipara

Mama hakukata mche wa sabuni kwa kisu. Kisu, alisema, kinakula. Alichukua uzi wa katani, akauzungusha kwenye mche, akavuta ncha zote mbili, na kipande kikaachia bila kumwaga hata chembe. Kipande hicho hakikuenda kuoga na mtu. Kilipandishwa kwenye kichanja cha jikoni, kwenye moshi, kikakaa huko miezi mpaka kikawa kigumu, kwa sababu sabuni mbichi inayeyuka mkononi na sabuni kavu inadumu. Wajukuu zangu wakinisikia nasimulia haya wanacheka. Wacheke tu. Mimi mpaka leo siwezi kutupa kipande cha sabuni, hata kikiwa chembamba cha kuonekana vidole upande wa pili. Nakibandika kwenye kipya na maisha yanaendelea.

Kijiji chetu kilikuwa kando ya njia ya kwenda Mpui, na Ufipa ni nchi ya majani na upepo, kuni ziko mbali. Kwa hiyo moto wenyewe ulikuwa mali. Jioni mama aliulaza ndani ya majivu pamoja na magunzi ya mahindi, asubuhi anaufukua, na ukiwa umekufa natumwa na kigae kwenda kuomba kaa la moto kwa jirani. Kiberiti kilikuwepo, lakini kila njiti ilipasuliwa kwa wembe zikawa mbili, na hata hizo ziliguswa kwa ruhusa. Chumvi mama aliiyeyusha kwenye chupa, akaitia mbogani kwa kijiko, maana ukiichota kwa vidole, vidole vinakuwa na tamaa. Nguo zilifuliwa kwanza kwa maji ya majivu ya maganda ya maharage, sabuni ikapitishwa kwenye kola na makwapa peke yake. Betri za redio zilianikwa juani juu ya ungo, zikasema siku mbili zaidi. Shati la baba kola ikichakaa, lilifumuliwa, kola ikageuzwa, likawa shati jipya. Chai tuliinywa bila sukari, kiazi kitamu mkononi, unauma kiazi, unapiga funda. Padri alipotangaza mfungo wa Kwaresima, mama aliniinamia pale kwenye benchi akanong'ona, "Sasa tufunge nini tena?"

Baba alikuwa fundi uashi, akijenga kule Kaengesa, anakuja nyumbani mara mojamoja. Nyumba ilikuwa ya mama.

Nisije nikamfanya aonekane bahili. Mwanamke yule alikuwa na sababu. Mwaka tuliohamishwa kuja kijijini, tuliletwa na lori tukashushwa kwenye majani matupu, mvua inanyesha, nyumba yetu ya zamani imeshaezuliwa nyuma yetu ili tusirudi. Mama alijifungua siku chache baadaye ndani ya kibanda cha nyasi kilichokuwa kinavuja. Hakukuwa na kipande cha sabuni cha kufulia nepi, hakukuwa na chumvi ya kuweka kwenye maji ya moto, na moto wenyewe ulikuwa umelowa. Kitovu cha mtoto kiliingia uchafu. Alikuwa mdogo wangu wa kiume, na namkumbuka kwa kilio tu, kwa sababu hatukupata muda wa kumkumbuka kwa kingine. Mama hakumlaumu mtu kwa sauti. Alianza tu kuweka. Ndilo neno alilotumia: naweka. Ukimwuliza unafanya nini huko kwenye kichanja, anajibu, naweka.

Kwa hiyo dada yangu mkubwa aliporudi nyumbani kutoka kwa mume wake na tumbo la mimba yake ya kwanza, kama ilivyo desturi, mama hakuhangaika kama wanawake wengine. Zahanati ilikuwa inawaambia wajawazito waje na sabuni yao, mafuta ya taa yao na vitambaa vyao, kwa kuwa haikuwa na kitu. Dukani nako hakukuwa na kitu. Rafu za duka la kijiji zilikaliwa na majembe yasiyo na mipini na muuzaji aliyekuwa anasinzia. Mama aliinua macho kwenye kichanja, akatabasamu. Kule juu kulikuwa na vipande vya sabuni vya miaka, chungu cha chumvi, na chupa kubwa ya mafuta ya taa iliyozibwa kwa gunzi.

Halafu msako ukaanza.

Tulizisikia habari redioni kwanza, betri zikiwa zimetoka kuanikwa, sauti inakuja na kupotea. Walanguzi, ilisema. Waficha bidhaa. Wahujumu. Kisha tukaitwa mkutano kwenye uwanja wa shule. Mwenyekiti wa kijiji alisimama akasema mtu yeyote mwenye vitu kuzidi matumizi yake ni mlanguzi, na mlanguzi ni adui wa wananchi, na tusilete mchezo. Watu wakapiga makofi. Mama naye alipiga, lakini nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaona mikono yake haigusani vizuri.

Njiani akamwuliza dada, "Kuzidi matumizi ya lini?"

"Sijaelewa, mama."

"Amesema kuzidi matumizi. Ya leo? Ya mwezi? Ya mpaka mtoto atembee?"

Dada hakujua. Hakuna aliyejua, na hapo ndipo hofu ilipotuingia. Ungeambiwa kipande kimoja ruksa, viwili jela, ungehesabu ukalala. Sisi hatukuambiwa kitu cha kuhesabu.

Wiki hiyo mama alinichukua tukaenda Sumbawanga mjini. Alikuwa na mzigo wa maharage na ulezi, maana sabuni yake aliipata kwa kubadilishana na mke wa mwenye duka mmoja, mama wa Kiislamu aliyependa ulezi wetu kwa uji. Miaka yote yule mama alitukaribisha uani, akatupa maji, akauliza habari za shamba. Siku hiyo tulikuta mlango wa duka umefungwa kwa mnyororo, na lori la mume wake halipo mahali pake. Tukazunguka nyuma. Alifungua mlango wa uani kidogo, uso ukatosha, mwili haukutosha.

"Rudi nyumbani, mama," alisema.

"Mzee yupo?"

"Usiulize. Na vile vitu nilivyokuwa nakupa, sikukupa mimi."

Akafunga. Mama alisimama pale na mzigo kichwani kama mtu aliyesahau njia. Kisha tukaanza kurudi, na mzigo wetu vilevile tulivyokuja nao. Niliogopa kumtazama. Nilikuwa na umri wa kuuliza maswali yote ya dunia, nikanyamaza kwa hiari yangu.

Tangu siku hiyo nyumba yetu iligeuka. Kichanja ambacho zamani kilikuwa kinatupa raha kukitazama, sasa hakuna aliyeinua macho jikoni. Habari zilikuwa zinakuja kila siku na kila siku zinanenepa. Kijiji cha jirani mgambo walichomeka fito kwenye vihenge vya nafaka kutafuta vitu vilivyofukiwa ndani. Mtu mmoja alimwaga sukari yake mtoni, tukasikia watoto wa huko walishinda wamelala kifudifudi wanakunywa maji ya mto. Mwingine, walisema, alichukuliwa na hajarudi, na mke wake alipokwenda kuuliza naye akaulizwa.

Halafu lile neno. Mama alikuwa anaweka. Redio ikasema anaficha. Kitendo ni kilekile, kichanja ni kilekile, na moshi ni uleule, lakini siku moja nilimsikia mama mwenyewe anamwambia dada, "Usiende kule nilikoficha," kisha akashika mdomo. Nilimwona anavyoumia. Alikuwa amejihukumu mwenyewe bila hakimu.

Adhuhuri moja mgambo kijana akapita kuomba maji ya kunywa. Dada alikuwa ametoka kuoga, amekaa kwenye kivuli cha nyumba na tumbo lake. Mgambo akanywa, akarudisha kata, akavuta pumzi.

"Hapa pananukia vizuri," alisema.

Alicheka, akaenda zake, na huenda alikuwa anamtania tu mwanamke mzuri. Mama aliingia ndani akakaa chini. Tangu siku hiyo tulikatazwa sabuni kabisa. Dada aliogeshwa kwa maji matupu na akatakiwa kukaa jikoni mpaka anukie moshi kama watu wote. Hebu fikiria: mama aliyekuwa ameweka sabuni miaka yote ile ili mwanawe ajifungue akiwa safi, sasa anamfukiza moshi ili asionekane ni msafi.

"Tuvitupe, mama," dada alisema. "Tuvitupe chooni tulale."

"Sitatupa."

"Watakuchukua."

"Najua."

Naye hakutupa. Nadhani asingeweza hata kama mgambo angekuwa amesimama mlangoni. Alikuwa na kilio kile masikioni, na mimi pia nilikuwa nacho.

Ulikuwa msimu wa matuta. Asiyeijua Ufipa huenda anafikiri matuta ni mistari. Yetu ni ya duara. Unafyeka majani, unayakusanya katika fungu, unayafunika kwa mabonge ya udongo uliogeuzwa mpaka yanazama yote ndani, unapata kilima kinachofika magotini. Wazee wanaita intumba. Juu yake unapanda maharage, na majani yanaoza taratibu huko ndani mpaka mwaka unaofuata, unapolibomoa tuta na kutawanya ile mbolea. Basi msimu ule kijiji kizima kinakuwa shambani, kila mtu ameinama, kila mtu anafukia. Ukimwona mtu anazika kitu ardhini mwezi huo, humtazami mara mbili. Mama aliliona hilo, na akadhani ameliona peke yake.

Alivibeba vitu vyote asubuhi, jua limetoka, ndani ya tenga la mbegu. Vipande vya sabuni alivifunga kwa maganda ya mahindi. Mimi nilitangulia na jembe. Shamba la balozi wetu wa nyumba kumi lilipakana na letu, na alikuwepo yeye na mke wake, wanalima. Balozi alikuwa mtu mrefu wa maneno machache, kazi yake ilikuwa kujua kila nyumba ina nini.

"Shikamoo, Balozi," nilimwamkia, na sauti yangu ilitoka nyembamba mno.

"Marahaba. Leo mmewahi."

"Majani ni mengi, Balozi," mama alijibu, tayari ameinama.

Alichagua mahali kando kabisa ya njia. Nilidhani amerukwa na akili. Baadaye aliniambia hakuna mwenye akili angeficha kitu kando ya njia, kwa hiyo hakuna ambaye angetafuta hapo. Tuliweka majani, tukaweka chungu cha chumvi, chupa ya mafuta, maganda yenye sabuni, tukaongeza majani, tukaanza kufunika. Kwa haraka yangu udongo ulikuwa unamwagika pembeni. Mama alikuwa anapumua kwa mdomo. Kila jembe la balozi lilipopiga ardhi upande wa pili, niliona kama linapiga chungu chetu. Tukamaliza, mama akapanda maharage juu yake, akaliendea tuta la pili bila kugeuka, na la tatu, na la nne, mpaka lile letu likapotea katikati ya wenzake.

Tulilala vizuri siku chache. Kisha mvua kubwa ikanyesha.

Asubuhi yake nilipokuwa naenda shule niliona chini ya tuta letu kuna povu. Jeupe, dogo, linatoka kwenye ufa wa udongo. Nililikanyagakanyaga kwa miguu yangu mitupu mpaka likaisha, nikakimbia. Nilikuwa na hakika kila mtu aliyepita njia ile ameliona. Darasani mwalimu aliniita mara mbili sikusikia.

Lakini povu lilikuwa dogo. Baya lilikuja maharage yalipoota. Shamba zima likawa kijani, kila tuta na nywele zake, isipokuwa moja. Chungu cha chumvi kilikuwa kimepasuka chini ya uzito wa udongo. Gunzi lililoziba chupa, ambalo mama alilitumia ili asitafute kizibo cha maana, lilinyonya mafuta na kuyaachia taratibu. Tuta letu likabaki na kipara, kando ya njia, mahali ambapo kila mpita njia angeona. Mama akapanda upya. Yakafa. Akahamisha miche kutoka matuta mengine, mizizi na udongo wake, siku mbili ikawa imelala chini. Kulifukua hakuthubutu, maana kufukua tuta lililopandwa tayari ndiko kungeita macho. Nami nilitakiwa nilipite kila siku bila kulitazama. Jaribu siku moja kutotazama kitu. Shingo yangu ilikuwa inauma.

Ndipo balozi akaja. Tulikuwa shambani tunapalilia, yeye akaja kwa njia, peke yake, mikono nyuma. Alisimama mbele ya tuta lenye kipara. Mama aliendelea kupalilia sehemu ambayo alikuwa ameshaipalilia.

"Mama," balozi alisema, "hili tuta lina nini?"

Nilijua ndiyo siku yenyewe. Nilianza kupanga kichwani nani atampikia dada, nani ataenda Kaengesa kumwambia baba, na kama wataniruhusu kumpelekea mama shuka, kwa kuwa kule kuna baridi.

"Labda mchwa, Balozi," mama alisema.

Balozi alilitazama tuta. Akaligusa kwa ncha ya kiatu chake cha tairi, polepole, pale pale udongo ulipokuwa na weupe wa chumvi. Kisha akatazama njia, juu na chini.

"Mchwa," alisema. "Hata kwangu wameingia."

Akaondoka. Mama alikaa palepale chini kwenye udongo. Hakufurahi. Alisema anatuchezea, amekwenda kuwaita wenzake, na jioni ile alivaa nguo mbili, moja juu ya nyingine, ili wakija asiondoke na baridi. Hawakuja. Kesho yake alizivaa tena.

Siku chache baadaye nilitumwa kuokota mavi ya ng'ombe makavu ya kuwashia moto, nikapanda kilima kilicho nyuma ya shule. Ukiwa huko juu unaona mashamba yote ya kijiji, matuta yametandazwa kama vichwa vya watu waliokaa mkutanoni. Nilitafuta kipara chetu ili nijue kinaonekana kiasi gani. Nikakiona. Nikaona kingine kwa balozi, katikati ya shamba lake. Kingine kwa katekista. Kingine kwa yule mama aliyekuwa ananipa kaa la moto. Kingine, viwili, kwa mwenyekiti aliyetukataza mchezo. Kote kijani, na kila shamba lina kipara chake. Kijiji kizima kilikuwa kimefikiri fikra moja, kila mtu akidhani ni mjanja peke yake, na kila mtu alikuwa amemwogopa jirani yake anayelala na hofu ileile.

Nilikimbia hadi nyumbani, nikamkuta mama anapepeta. Nilianza kusema, "Mama, hata kwa mwenyekiti," na kiganja chake kikanifunika mdomo, na pumba zake.

"Hujaona kitu," alisema.

Nilitarajia atapumua. Sikuelewa wakati ule kwa nini macho yake yalizidi kuwa makubwa. Sasa naelewa. Kama wote wana kitu, basi wa kwanza kukamatwa angewataja wengine wote.

Dada alijifungua kipindi cha baridi, upepo unapiga mabati ya zahanati. Alikwenda na kibuyu cha maji ya majivu, yaliyochujwa kwa kitambaa, ndiyo sabuni yetu. Mama alisimama nje muda wote akisali rozari. Alipotoka nesi kusema ni mvulana, mama hakuuliza mzazi yukoje. Aliuliza, "Kitovu mmekifunga na nini?"

Wanawake walianza kuja nyumbani kumwona mtoto kama ilivyo desturi yetu. Wa kwanza alikuwa mke wa balozi. Aliketi, akamsifia mtoto, akanywa uji, na alipoinuka aliacha kitu kwenye mkeka, kimefungwa kwa ganda la muhindi. Hakusema ni nini. Akafuata yule mama wa kaa la moto, naye akaacha chake. Akaja mke wa katekista. Hakuna aliyezungumza habari ya mashamba. Walizungumza baridi, walizungumza mtoto anafanana na nani, wakaenda zao.

Mama alipovifungua vilikuwa vipande vya sabuni. Vigumu, vimeliwa na mvua, vina udongo mweusi na mizizi ya majani imeingia ndani yake. Vilikuwa vimefukuliwa. Alivipanga mbele yake akavitazama kwa muda mrefu, na machozi yakamtoka, ya aina ambayo sikuwahi kuiona kwake hata siku ile ya kibanda. Kisha akachukua kisu, kile ambacho maisha yake yote hakukikaribisha kwenye sabuni, akaanza kukwangua udongo. Unga wa sabuni ulianguka kwenye sakafu, mweupe na mweusi. Dada alipasha maji. Mtoto alikuwa analia kilio kikubwa, cha mtu mwenye afya.

"Chukua ufagio," mama aliniambia, bila kuinua kichwa, "lakini kafunge mlango kwanza."